Nyumba ya Juu

Miaka thelathini na mmoja baba alilinda pampu ya mji
kule bondeni Njombe, chini ya misindano,
ambako ukungu wa Juni hukaa hadi saa nne asubuhi
kama mtu aliyesahau alichofuata.

Injini ya dizeli aliijua kwa kikohozi chake.
Alikuwa akilaza kiganja kwenye bomba, anafumba macho,
anasema: "Leo kwa Mama Ngimbudzi hayafiki."
Na kweli. Nyumba ya mwisho juu ya kilima
ndiyo hukauka kwanza pampu ikichoka.
Wa bondeni wanaoga, wanafua, wanamwaga;
wa juu anagonga ndoo tupu, hajui amlaumu nani.

Sasa injini iko kifuani mwake.

Daktari wa Kibena, binti mwenye sweta chini ya koti jeupe,
hakutafuta maneno makubwa. Alichora moyo
nyuma ya karatasi ya vipimo, mfano wa kiazi,
akautia mshale mmoja wa kwenda juu.
"Misuli imelegea," alisema. "Damu inatoka,
ila nguvu ya kupanda yote haina.
Kuna kona ndogo ndani ya ubongo
inayotunza ya jana na ya leo asubuhi.
Ina kiu kuliko kona nyingine. Mara nyingi
hiyo ndiyo huanza kukauka."
Akataja mishipa myembamba kuliko unywele
inayoziba kimyakimya,
na moto wa chini kwa chini mwilini, usio na moshi,
na protini zinazokunjwa vibaya, zikarundikana,
kwa wengine moyoni, kwa wengine kichwani, kwa wengine kote.
"Kipi kilianza, bado tunatafuta."
Nikawaza shuka za wodini: moja ikikunjwa kombo
zote za juu yake hufuata ule ukombo.

Baba aliutazama mchoro muda mrefu.
"Presha ndogo," akasema.
Dakika nzima fundi alikuwa amerudi,
Yohakimu Mlowe mwenyewe, na spana yake.
Halafu akamuuliza daktari huyu binti ni wa nani,
akinyooshea kidole mimi.

Kila alfajiri nampima kilo kabla ya uji.
Nabonyeza kifundo cha mguu;
shimo la kidole changu linabaki,
linajaa polepole.
Ngozi yake inakikumbuka kidole changu
kuliko yeye anavyolikumbuka jina langu.

Analala ameketi, mito mitatu mgongoni.
Anaomba chumvi. Namwambia daktari amekataza.
Anakubali kwa adabu.
Anaomba chumvi.
Na kidonge cha kutoa maji, amemeza? Hajameza?
Moyo unaitaka kumbukumbu ili upate dawa yake,
kumbukumbu inautaka moyo ili ipate damu yake,
na katikati nipo mimi na kalenda ya saccos
yenye vema za kalamu nyekundu.

Utotoni tuliambiwa: neno hili liweke moyoni.
Hatukuuliza moyo ukichakaa
neno lihamie kwa nani.

Leo sakitu imelala juu ya majani ya viazi.
Nimemkuta uani, blanketi begani, miguu peku,
kiganja kwenye bomba.
"Kamwene," amenisalimu,
kwa heshima anayowekewa mgeni.
"Ile nyumba ya juu kabisa, kuna watu?"
Nikasema wapo.
"Waambie wasifunge koki.
Yatachelewa. Waache wazi."

Nikaweka kiganja changu kando ya chake.
Bomba lilikuwa baridi kama kisu.
Mimi sikusikia kitu.
Yeye alikuwa anahesabu.